Mfano wa kitabuni haumuumizi mtu, wa Likoni una wenyewe

Siku ya kwanza ya muhula swali huwa lile lile. Sijaandika hata jina la somo ubaoni, kijana wa nyuma ameshainua mkono: "Mwalimu, hebu niambie, sasa hivi nafikiria nini?" Darasa linacheka. Nami humjibu kwamba anafikiria chai, maana ni saa nne kasorobo na harufu ya mahamri ya mama wa pale chini imeshapanda ngazi. Mara nyingi huwa nimepatia. Basi naheshimiwa kama mganga kwa dakika kumi, mpaka wagundue kwamba hili ni somo la kuwachunguza watu kwa ushahidi, si la kupiga ramli.

Nafundisha utangulizi wa saikolojia katika chuo kidogo cha Likoni, ghorofa ya pili, wanafunzi thelathini na kitu wa diploma ya ustawi wa jamii. Wengine ni wa hapa hapa na Mtongwe, wengine watoka Changamwe, na wapo wa Kisauni ambao hupanda matatu mbili na feri moja ndipo wafike. Wakichelewa siwaulizi. Ukishasimama kwenye lile banda la feri asubuhi, umebanwa kila upande, hujui utamlaumu nani.

Shida yangu ni vitabu. Karibu vyote vimeandikwa Marekani au Uingereza, na mifano yake ni ya huko. Ukimtaja Ivan Pavlov na mbwa wake, darasa linakutazama tu. Lakini waulize kwa nini wazee wa barazani humeza mate wakisikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, kabla hata dele halijaonekana. Hapo somo limeisha: ile sauti imeshikana na kahawa vichwani mwao. (Na ile kengele maarufu? Pavlov mwenyewe alitumia zaidi metronomu, kile kidude cha kuhesabia mapigo ya muziki. Mwanafunzi akilijua hilo hujiona amekipiku kitabu.)

Kwa hiyo nilijizoesha kuleta mifano ya mtaani. Na ilinilipa, hadi ilipofika mada ya athari ya watazamaji.

Kitabuni mada hiyo huanza na Kitty Genovese, msichana aliyeuawa New York Machi 1964. Gazeti la New York Times liliandika kwamba watu 38 waliona na hakuna aliyeita polisi. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané wakafanya jaribio. Mwanafunzi alikaa peke yake chumbani akiongea na wenzake kwa spika, kisha akamsikia mmoja wao akipatwa na kifafa. Aliyeamini kwamba ni yeye tu anayesikia, alitoka kutafuta msaada mara 85 kwa 100. Aliyeamini wapo wanne wengine wanaosikia, mara 31 tu. Kila mtu humwachia mwenziwe.

Msichana mmoja alilielewa mara moja. "Kama balbu ya ukumbini kwetu," akasema. "Nyumba ina vyumba sita, wapangaji sita, na giza mwezi wa tatu huu." Nilicheka, nikaona leo darasa limewaka. Ndipo nikautoa mfano wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeuandaa usiku uliotangulia na kujiona mjanja.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama katikati ya kivuko cha Likoni, mama na binti yake wakiwa ndani. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58 hivi. Siku zote hizo watu walijaa ufukweni wakitazama maji, na ile video ilizunguka simu kwa simu. Nikauliza: kwenye feri yenye watu wote wale, kwa nini hakuna aliyeruka?

Darasa lilinyamaza, na si ule unyamavu wa kufikiria.

Kijana mmoja anayekaa dirishani, ambaye huwa haongei sana, akasema bila kuinua mkono: "Mwalimu, mimi nilikuwa kwa hiyo feri."

Alikuwa darasa la nane, akitoka mjini na shangaziye. "Watu hawakunyamaza," akasema. "Walipiga makelele mpaka sauti zikakauka. Mimi sijui kuogelea. Shangazi hajui. Weye wajua?"

Sijui. Miaka kumi na mitano navuka maji yale kila siku ya kazi na sijui kuogelea. Nilimjibu hivyo hivyo. Akachukua begi lake akatoka, na wiki mbili zilizofuata hakuja.

Mimi si mshauri nasaha. Tangu 2014 Kenya ina sheria inayotaka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, na mimi nina digrii ya kufundishia tu. Lakini mwanafunzi hajui tofauti hiyo, na nikisema ukweli, siku ile hata mimi niliisahau: nililishika jeraha la mtu nikalifanya zoezi la darasani. Nilimpigia simu. Sikujaribu kumtibu. Nilimwomba radhi, nikamwambia kiti chake kipo.

Katika wiki zile mbili nilirudi kusoma, jambo ambalo ningelifanya mapema. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walichunguza kumbukumbu za kesi ya Genovese wakakuta hakuna ushahidi wa wale 38 waliokaa wakitazama. Mwaka 2016 gazeti lenyewe likakiri kwamba taarifa yake ilikuwa na kasoro. Na mwaka 2019 utafiti mwingine ulipitia kamera za usalama za Amsterdam, Cape Town na Lancaster, ugomvi 219 wa barabarani: katika visa tisa kwa kila kumi, mtu mmoja angalau aliingilia kati. Kumbe yule kijana alikuwa karibu na ukweli kuliko kitabu changu, na kuliko mimi.

Alirudi wiki ya tatu. Siku hiyo nililiambia darasa zima lisahihishe daftari.

Mwenzangu mmoja alinishauri nirudi kwenye mifano ya New York, ya huko haimgusi mtu. Sikubaliani naye. Watu hawa kesho wataajiriwa kukaa na familia za Likoni, si za New York. Ila siku hizi natangaza wiki moja kabla: Alhamisi ijayo tutazungumzia jambo fulani la hapa kwetu, asiyetaka kuwepo asije, wala simuulizi sababu. Ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili 1994, iliyoua watu 272, siigusi kabisa labda mwanafunzi aitaje mwenyewe. Nyumba zilizofiwa siku ile ziko hapa hapa, na wajukuu ndio hawa wanaoingia darasani.

Katika jaribio la mwisho wa muhula niliuliza swali la Genovese. Yule kijana aliandika idadi ya kitabuni, 38, akaipiga mstari, na chini yake akaandika: "Ulizeni kwanza kama wangeweza." Mwongozo wangu wa kusahihisha haukuwa na nafasi ya jibu hilo. Nilimpa alama mbili.