Darubini Juu ya Bunduki

Wasikilizaji, watu wa Masasi na Newala hawahitaji kuambiwa kwa nini mwenye bunduki huitwa kijijini. Mahindi yakikomaa, mwenye shamba hulala katika dungu ili kufukuza nguruwe wa mwitu, na simba naye huwafuata nguruwe hao. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania. Mikoa ya Lindi na Mtwara iliumia sana, na miezi ya mavuno, Machi hadi Mei, ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi. Askari wa wanyama aendaye kumtafuta simba wa namna hiyo huenda akawa na darubini juu ya bunduki yake. Leo twaeleza jinsi inavyofungwa, maana ikifungwa vibaya ni afadhali isiwepo. (Gobori halimo katika habari hii, risasi yake haiendi kwa unyofu wa kustahili darubini.)

Darubini haikai juu ya bunduki yenyewe. Kwanza hutiwa kikalio cha chuma kwa skurubu, nacho huchukua pete mbili zinazoikamata darubini mbele na nyuma. Tuseme pete hizo zimeachana sentimeta 10. Ya nyuma ikisogea kando milimeta 1 tu, risasi iendayo meta 100 itapotea meta 1 nzima. Simba akuelekeaye uso kwa uso hana upana huo! Kwa hiyo skurubu hufutwa mafuta kabisa kabla ya kukazwa, na mwindaji huzijaribu kila asubuhi.

Jicho nalo lataka nafasi, yapata sentimeta 8 hivi kutoka kwenye kioo. Bunduki kubwa hurudi nyuma kwa nguvu, na aliyesogeza uso mno hupasuliwa nyusi.

Sasa, darubini iwekwe juu au kando? Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliifunga kushoto, ili risasi zipate kuingizwa kutoka juu. Lakini mpigaji alilazimika kupinda shingo na kulenga kwa upande. Katika vita vya pili waliiweka juu ya mtutu, ikishikwa na mkono wa chuma uliofungwa ubavuni kwa skurubu mbili kubwa za kukazwa kwa vidole. Bunduki ya Mauser ina shida yake: mkono wa kuifungulia huinuka ukagonga darubini iliyo chini. Fundi huupinda mkono huo, ama huinua darubini. Na akiinua mno, shavu la mpigaji halipati pa kuegemea.

Lakini katika uwanda wa Makonde jambo kubwa ni vichaka. Humo mtu huweza kukutana na simba kwa hatua kumi, na darubini kwa umbali huo haionyeshi ila manyoya. Mafundi wa Kijerumani walitengeneza kikalio chenye makucha: darubini hung'olewa mara moja, na alama za chuma za kulengea zikabaki wazi. Kwa maoni yetu hicho ndicho kifaacho huko, kwa sharti moja: kila irudishwapo mahali pake, risasi moja ipigwe kwenye ubao kabla ya kuingia msituni.