JE, WAJUA? Kokwa iliyongoja miaka 2,000

Mwaka 2005, kusini mwa Israeli, kokwa ya tende ilichipua baada ya kukaa kavu kwa miaka ipatayo 2,000. Ilifukuliwa Masada, ngome ya jangwani karibu na Bahari ya Chumvi, na mti wake ukapewa jina la Methuselah. Ukavu ndio ulioihifadhi.

Usijaribu hilo kwa nazi. Mbegu ya mnazi hailali: ikishakomaa, yaani miezi 11 au 12 hivi, inaanza safari, uwe umejiandaa au la. Ukiisahau stoo utaikuta imechomoza chipukizi, au imekauka na kufa. Maji yaliyomo ndani ndiyo uhai wake, na ndiyo maana anayechagua nazi za kupanda huitikisa kila moja sikioni kwanza. Isiyolia maji haifai kitalu. Kwa sababu hiyohiyo nazi nzima haikaushwi ikawekwa kwenye benki ya mbegu kama mahindi. Aina za minazi hutunzwa zikiwa miti, shambani.

Mchikichi, ule wa Kigoma, una kiburi chake. Ukizika kokwa zake tu, zinaweza kunyamaza miezi mingi. Watu wa vitalu huzipa joto la nyuzi 38 hadi 40 kwa siku zipatazo 80, kisha huziloweka ndipo ziamke.

Kokwa ya tende ya sokoni? Iloweke, ifunike kwa udongo wenye unyevu, iache kwenye joto. Kama mtende ni dume au jike, utajua ukitoa maua, miaka kadhaa baadaye. Methuselah alitokea kuwa dume.