Ikwalaiza: Azima Kwanza, Lipa Baadaye

MNUNUZI wa vifaa vya muziki anayeishi Suji, milimani wilayani Same, ana mzigo ambao mwenzake wa Dar es Salaam hana. Kifaa kikimkatisha tamaa, kukirudisha dukani ni nauli ya kuteremka hadi Makanya, kisha nauli ya basi la barabara kuu. Ndiyo maana ikwalaiza, kile kisanduku cha vitelezi kinachoongezwa kwenye seti ya nyumbani ili kurekebisha sauti, inafaa kuazimwa na kujaribiwa sebuleni kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu mwenye deki ya kaseti, amplifaya ya wati 20 kila upande na spika mbili. Kanda zake za kwaya zimefifia. Muuzaji anamwambia ikwalaiza itazirudishia uhai.

Huo ni ukweli nusu. Kanda iliyonakiliwa kutoka nakala nyingine imeshapoteza milio myembamba, na kilichopotea hakirudi. Ukipandisha vitelezi vya juu, kinachopanda zaidi ni ule mchakacho wa kanda yenyewe. Pengine dawa ni pamba na spiriti ya kusafishia kichwa cha deki, au kuzima kitufe cha Dolby kilichowashwa kwa kanda isiyorekodiwa kwa mfumo huo. Gharama yake haifiki hata bei ya debe la maharage.

Ikwalaiza ya vitelezi 10 huigawa sauti kuanzia mvumo wa hezi 31.5 hadi mlio wa hezi 16,000, na aina nyingi huruhusu kila sehemu ipandishwe au ishushwe kwa desibeli 12. Hapo ndipo penye gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kila desibeli 3 zinazoongezwa hudai nguvu maradufu. Desibeli 12 ni karibu mara 16. Besi iliyokuwa ikila wati 2 sasa itataka wati 32, na amplifaya ya mwalimu inazo 20 tu. Sauti itakwaruza, na mara nyingi kitakachoungua kwanza ni twita, ile spika ndogo, ingawa kosa lilikuwa la besi.

Faida halisi ya kifaa hiki iko katika kushusha. Chumba chenye urefu wa futi 12, kuta za tofali na sakafu ya saruji huvuma chenyewe karibu na hezi 47. Kushusha kidogo vitelezi vya hezi 31.5 na 63 huondoa mngurumo unaofunika maneno ya waimbaji. Lakini hata hapo, spika isogezwe kwanza kutoka kwenye kona. Hilo ni bure.

Jaribio lenyewe halihitaji fundi. Ichaguliwe kanda moja inayofahamika vizuri. Mtu mwingine, hata mjukuu, abonyeze kitufe cha kuingiza na kutoa ikwalaiza bila kusema ipi ni ipi, na sauti iwe na ukubwa uleule pande zote mbili, kwani sikio hudhani kilicho na sauti kubwa zaidi ndicho bora. Wauzaji wanalijua hilo. Mwalimu akishindwa kutofautisha mara nyingi, au akipenda zaidi ilipotolewa, kisanduku kirudi kwa mwenyewe.

Mwenye kusikiliza muziki wa simu ana nafuu zaidi: simu nyingi za leo zina ikwalaiza ndani yake, hivyo anaweza kuunga waya kwenye amplifaya na kujaribu bila kununua chochote.

Kwa atakayeamua kununua, hasa iliyotumika, kila kitelezi kisogezwe juu na chini huku muziki ukilia kwa sauti ya chini. Kikikwaruza kimeingia vumbi, na bei izungumzwe upya. Nyuma ya amplifaya nayo itazamwe kama ina matundu ya kuungia kifaa cha nje. Seti nyingi za kipande kimoja hazina.