MADIGADI ING'AE, MAPAFU YABAKI SALAMA



Hapa Bugarama wako wenzetu ambao, wakishatoka kiwandani au shambani, wana kazi ya pili nyumbani: kunyosha madigadi au mlango wa gari na kuupulizia rangi. Lawama huwa ileile, kwamba rangi haing'ai. Mara nyingi kosa limo katika matayarisho.

Adui wa kwanza ni mafuta. Mwambao huu wa kuelekea Rumonge ni nchi ya michikichi, na mkono uliogusa mawese huacha mafuta juu ya bati. Hapo rangi hukimbia, ikaacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa tina na kitambaa safi kabla ya kupiga msasa.

Adui wa pili ni unyevu. Hewa nzito ya ziwa huitia rangi ya laka ukungu mweupe. Ngoja umande ukauke, na umalize kabla upepo haujaleta vumbi.

Piga msasa wa maji namba 400, pulizia rangi ya msingi, ikikauka ilainishe kwa namba 600. Simama sentimita 20 hadi 25, mkono utembee bila kusita, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka 3 nyembamba ni bora kuliko moja nene. Kati yake ngoja kama dakika 10. Malizia kwa vanishi. Baada ya siku kadhaa, msasa wa maji namba 2000 na dawa ya kung'arishia vitatoa mng'ao wa kioo.

Sasa neno lililo kubwa. Rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kugandisha mara nyingi zina isosayanati, ambayo huleta pumu. Kitambaa puani hakiizuii. Mpuliziaji anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Asiye nayo asipulizie rangi hizo kabisa. Atumie laka, nje, mbali na watoto na jiko la makaa, akivaa barakoa yenye kichujio cha kaboni.

Na tajiri wa gereji akikutaka upulizie bila chombo hicho, kataa, ulete shauri kwa wajumbe wenu. Madigadi ikiharibika hupakwa upya. Pafu halipakwi.