Marekebisho Stahiki: Istilahi ya Wajibu wa Mwajiri

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri wa nyaraka za kazi, lipo moja linalorudi mara kwa mara: uitweje ule wajibu wa mwajiri wa kubadili kifaa, mahali au utaratibu ili mfanyakazi mwenye ulemavu aweze kuitenda kazi yake? Neno la Kiingereza lililomo katika sheria ni lile lile linalotumika hotelini kwa maana ya malazi. Kwa hiyo tumepata kuona mwongozo wa utumishi unaomtaka mwajiri ampe mfanyakazi asiyeona "malazi ya kufaa". Karani aliyeomba mashine ya nukta nundu angeweza kujibiwa, kwa mujibu wa maandishi hayo, kwamba vyumba vimejaa.

Maana yenyewe imo katika Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009. Ni mabadiliko ya lazima na ya kufaa, yasiyoleta mzigo uliopita kiasi, yanayofanywa pale yanapohitajika kwa ajili ya mtu fulani. Ibara hiyo hiyo huhesabu kuyanyima kuwa ni ubaguzi, na Ibara ya 27 huyaingiza mahali pa kazi.

Maneno "mtu fulani" hayana budi kushikwa sana. Njia ya mteremko katika jengo la umma ni ya wote, nayo hujengwa kabla mwenye kiti cha magurudumu hajafika. Wajibu tunaouzungumzia huanza kwa mtu aliyekwisha fika: mtunza bustani mwenye ualbino akapangiwa saa za alfajiri au kazi ya kivulini, kiziwi akapatiwa mkalimani wa lugha ya alama siku ya kikao, karani akahamishiwa ghorofa ya chini pamoja na majalada yake. Wala si hesabu ya ajira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Hesabu hiyo humfikisha mtu mlangoni tu.

Istilahi iwe ipi, basi? "Msaada" tunaukataa, maana msaada hutolewa na mwenye moyo, na asiye na moyo hadaiwi. "Upendeleo" ni mbaya zaidi, kwani humgombanisha mhusika na wenzake. "Marekebisho ya kadiri" husikika kama ya kiasi kidogo. "Marekebisho mwafaka" yana watetezi hata miongoni mwetu. Lakini mwafaka ni mapatano pia, na mwajiri mjanja aweza kudai kwamba hawakupatana. Sisi tunapendekeza *marekebisho stahiki*, kwa kuwa kinachostahiki hudaiwa. Mpaka wa mzigo uelezwe katika fasili ya sheria, si katika jina.

Kasoro moja tunaikiri: "marekebisho" yamezoeleka kwa mabadiliko ya sheria. Katika miswada, basi, iandikwe kwa ukamilifu, "marekebisho stahiki ya kazi". Nao maofisa utumishi, wanapojaza jalada, waandike kwamba mfanyakazi "ameomba marekebisho stahiki", wala si kwamba "anaomba kusaidiwa". Mwenye neno lililo bora zaidi atuletee, pamoja na sentensi tatu alimolitumia.