Mifuko ya kulalia: mnunuzi aangalie namba ipi

Mteja anayetafuta mfuko wa kulalia kwa safari ya Mlima Kilimanjaro mara nyingi hutajiwa namba moja tu, tena ile iliyo chini kuliko zote. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha kimataifa, ISO 23537, huwa na namba tatu za baridi: ya kulala kwa raha, ya mpaka, na ya hatari. Hiyo ya mwisho hukadiria baridi ambayo mwanamke anaweza kuikabili kwa saa sita bila kufa. Kulala ni jambo jingine.

Kambi ya Barafu iko zaidi ya mita 4,600, na usiku baridi huweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri. Mfuko ambao raha yake huishia nyuzi 0 hautoshi huko, hata bei iwe nzuri vipi.

Manyoya ya bata ni mepesi na huhifadhi joto, lakini yakilowa hayafai kitu; poliesta huvumilia unyevu, ila ni nzito. Manyoya yaliyobanwa muda mrefu stoo hupoteza unene, hivyo mfuko ukung'utwe na kuachwa uvimbe kabla ya kulipia. Anayekodi Moshi ajaribu na zipu.