Ukuta, Ulimi na Sura: Biashara ya Matangazo Kutoka Olmotonyi hadi Jijini Arusha

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, ikipita Ngaramtoni na Olmotonyi chini ya miteremko ya Mlima Meru, inaonyesha kwamba katika uchumi wa leo kizuri na kibaya vyote hutembezwa. Anayevitembeza mara nyingi si mwenye mali, bali ni mwananchi wa kawaida ambaye ukuta wa duka lake, maneno ya kinywa chake na hata sura ya watu wake vimegeuzwa kuwa vyombo vya kutangazia. Tangazo la biashara, yaani ujumbe ambao mwenye bidhaa hugharimia ili umfikie mnunuzi, kwa kawaida hupimwa kwa kiasi cha mauzo linacholeta. Makala haya yanalipima kwa kile linachochukua kutoka kwa jamii inayolipokea, na yanashikilia kwamba wakazi wa eneo hili wameikopesha sekta ya matangazo mali yenye thamani kubwa bila kuifanyia hesabu.

Kutoka mbiu hadi redio

Kutangaza hakukuja na makampuni. Katika nchi za Waswahili habari za watu wote zilipelekwa kwa mbiu, yaani pembe iliyopulizwa ili watu wakusanyike wasikilize, na ndiyo maana hadi leo husemwa kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Biashara nayo ilijipatia mbiu yake juu ya kitambaa: huko Mombasa, nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilizitambulisha kanga zake kwa alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", hivi kwamba kila mwanamke aliyejifunga kanga hizo alikuwa, pamoja na kujisitiri na kupeleka ujumbe wake mwenyewe, akiitembeza pia chapa ya muuzaji. Chapa ni jina au alama inayotofautisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine, na mfano wa kanga unaonyesha mapema kwamba chapa hufika mbali zaidi inapobebwa na kitu ambacho watu wanakipenda kwa sababu zao wenyewe.

Arusha, ambayo reli iliifikia mwaka 1929 kutoka Moshi, iliunganishwa hivyo na njia ya bidhaa za viwandani zilizotoka bandarini. Baadaye redio iliingia majumbani, na mji wenyewe ukawa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, chombo ambacho kingeweza kumfikia hata mkulima asiyejua kusoma. Hata hivyo, Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na katika miaka ya upungufu wa bidhaa iliyofuata, hasa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, tangazo lilipoteza kazi yake ya msingi, kwa kuwa hakuna haja ya kumshawishi mtu anunue sabuni ambayo tayari ameipangia foleni.

Ingekuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba ufundi wa kushawishi ulilala. Serikali iliutumia kwa malengo ya umma, na mfano wake mkubwa ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi, vyoo na kinga dhidi ya maradhi. Jina lake fupi na linaloshikika lilikuwa kaulimbiu, yaani maneno machache yanayobeba shabaha ya kampeni nzima, na maneno hayo yamebaki kuwa msemo wa kawaida miaka mingi baada ya vikundi hivyo kuvunjika. Biashara iliporuhusiwa kupumua tena baada ya mwaka 1986, na vituo binafsi vya redio na televisheni kama Radio One na ITV vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, makampuni yalikuta wasikilizaji waliokwisha kuzoea kufundishwa na sauti ya redio.

Ukuta

Mageuzi makubwa zaidi ya sura ya vijiji yaliletwa na simu za mkononi. Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2000, na huduma yake ya M-Pesa, iliyozinduliwa nchini mwaka 2008 baada ya kuanza Kenya mwaka mmoja kabla, ilimfanya kila mwenye kibanda awe wakala mtarajiwa, yaani mtu anayepokea na kutoa fedha kwa niaba ya kampuni kwa malipo ya kamisheni. Kibanda cha wakala kinahitaji kuonekana kutoka mbali, na njia rahisi ya kukifanya kionekane ni kukipaka rangi ya kampuni.

Kazi hiyo ina ufundi wake. Mchoraji hupaka kwanza rangi ya msingi kwa rola, kisha huvuta uzi uliopakwa chaki na kuuachia ghafla ili uache mstari ulionyooka, ndipo hupanga herufi kwa penseli na kuzijaza kwa brashi, jina la kampuni likiwa kubwa na jina la duka likiwa dogo pembeni. Mvua za masika zinaporusha tope chini ya ukuta na vumbi la kiangazi linapoufifisha, tabaka za zamani huanza kuchungulia, kiasi kwamba ukuta mmoja huweza kusomwa kama daftari la ushindani wa soko: soda chini, mtandao mmoja wa simu katikati, mwingine juu. Kampuni ya Tigo ilipobadili jina na kuwa Yas mwezi Novemba 2024, buluu iliyozoeleka ilianza kufunikwa kwa rangi nyingine, na badiliko lililoamuliwa katika ofisi za mbali likaonekana kwenye vibanda vya wauza vocha.

Kiuchumi, ukuta huo ni nafasi ya bei nafuu mno. Bango kubwa la nguzo huhitaji ardhi ya kukodi, kibali cha TANROADS iwapo liko ndani ya hifadhi ya barabara, na ada inayotozwa kwa kadiri ya ukubwa wake, ilhali Mangi, kama anavyoitwa mwenye duka la rejareja katika mikoa ya kaskazini hata asipokuwa Mchaga, kwa kawaida huutoa ukuta wake kwa kupakiwa rangi tu. Yeye huhesabu kwamba ameokoa gharama ya kupaka duka, na hesabu hiyo si ya kijinga; lakini kampuni imepata nafasi itakayosomwa kila siku na abiria wa barabara kuu inayokwenda Kenya, mara nyingi kwa miaka kadhaa, bila kodi ya mwezi.

Ulimi

Mali ya pili iliyokopeshwa ni lugha. Katika maisha ya kila siku majina ya chapa yamegeuka kuwa majina ya vitu vyenyewe: dawa ya viatu ni kiwi, dawa ya maumivu ni panado, nepi za kutupa ni pampasi, na sabuni ya unga huombwa kwa jina la omo hata anayehudumia anapotoa pakiti ya kampuni nyingine. Usafiri umeathirika zaidi. Pikipiki ya magurudumu matatu haina jina jingine mtaani ila bajaji, kutokana na kampuni ya India iitwayo Bajaj; lori la mizigo ni fuso; mabasi madogo ya Arusha yameitwa vifodi, jina lililozaliwa na Ford; na msafiri wa Ngaramtoni husema atapanda Noa, akimaanisha gari la aina ya Toyota Noah.

Jambo hili lina faida na hasara kwa mwenye chapa, kwa sababu jina likishakuwa la wote hutangaza hata bidhaa ya mshindani. Kwa mtumiaji, hata hivyo, uzito wake ni mwingine: Kiswahili kimethibitisha nguvu yake kwa kuyapa majina ya kigeni ngeli na wingi, lakini mtoto anayejifunza kwamba dawa ya meno ni kolgeti amepokea pendekezo la ununuzi kabla hajawa na shilingi ya kununulia.

Sura

Mali ya tatu ni sura ya nchi na ya watu wake. Filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 1960, na ile ya Hollywood iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, kupigwa kwa sehemu kule Momella chini ya Meru na kutolewa mwaka 1962, ziliitangaza kaskazini ya Tanzania duniani kabla nchi haijawa na uwezo wa kujitangaza yenyewe. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyeji wa mtazamaji, ilifuata njia hiyohiyo kwa tofauti moja ya msingi, kwamba safari hii mwenye nchi ndiye aliyewaongoza watazamaji.

Tofauti hiyo bado haijawafikia wafugaji. Umbo la Mmasai mwenye shuka limeuza viatu vya Uswisi vilivyoitwa Masai Barefoot Technology, na mistari ya shuka hiyo ilionekana katika mavazi ya kiume ya Louis Vuitton ya mwaka 2012. Viongozi wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania waliunda jitihada ya kudai haki ya ubunifu wao, na kampuni ya Koy Clothing ya Uingereza ilikubali kulipa ada ya leseni, yaani malipo ya kuruhusiwa kutumia mali isiyoshikika ya mtu mwingine. Malipo hayo yana umuhimu unaozidi kiasi chake, kwa kuwa yanathibitisha kwamba sura ya jamii inaweza kuandikiwa mkataba.

Kama sura inaweza, ukuta unaweza pia. Halmashauri tayari zinajua kupima bango na kulitoza ada, na hakuna kinachozuia vyama vya wafanyabiashara wadogo kutumia kipimo hicho kwa faida ya wanachama wao: mita za mraba za ukuta, muda wa matumizi, na malipo yanayofanana na thamani ya barabara inayopita mbele. Mwenye duka wa Olmotonyi atakayedai karatasi yenye tarehe na kiasi kabla brashi haijachovywa kwenye rangi hatakuwa amekataa biashara ya matangazo. Atakuwa ameingia ndani yake kama mshirika.